Vibanda Vinne vya Bustani

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sitaki mtu anifunze kwamba wasiwasi ni kazi ya shetani, hilo nalijua. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiuliza kama mlango umefungwa. Lakini zamani ulikuwa wasiwasi wa kawaida. Huu wa sasa, wa kusoma kila karatasi mara tatu kisha kuigeuza nitazame nyuma, ulianzia kwenye bustani.

Mji wetu sitautaja. Uko pwani hii hii, upande wa Kilifi na Malindi, mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya sokoni unaulizwa habari ya mafua msikitini. Walio hai bado tunakutana kwa muuza samaki, na mimi sina tena nguvu za kugombana.

Miaka ya themanini nilikuwa mpiga taipu wa pekee katika ofisi ya mji. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mashine moja nzito iliyopenda kuruka herufi, na mkubwa mmoja, karani mkuu, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa skuli, kwa hivyo mji mzima ulimwita Maalim. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, yapitayo kwenye mashine hii hayapiti mdomoni." Nikaapa. Ni rahisi kuapa ukiwa unachapa barua za majaa na mitaro.

Kisha ikaja habari ya bustani. Kulikuwa na uwanja mbele ya bahari, chini ya miti ya mikungu, ambao watu waliutumia kwa kila jambo: sikukuu za Idi, mpira wa watoto, wazee kupunga upepo. Pa kukalia hapakuwa, maji ya kunywa hayakuwapo, na mvua ikinyesha pote palijaa matope. Ikaundwa kamati ya watu saba ili uwanja ule uwe bustani ya umma: ukuta mfupi, mabenchi, bomba la maji, vyoo, taa, bembea za watoto. Fedha zingetafutwa kwa harambee, na mgeni rasmi alikuwa amekwisha kukubali kuja. Mji ulichangamka kama nyumba yenye arusi.

Na chini ya mikungu hiyo hiyo mama yangu alikuwa akiuza viazi vya karai.

Alianza kuuza pale baba alipofariki, mimi nikiwa darasa la tano. Viazi vile ndivyo vilivyonisomesha, na ndivyo vilivyonipeleka Mombasa kujifunza taipu. Walikuwa wanawake kumi na wanne pale: wa mihogo ya kuchoma, wa bajia, wa mabuyu, wa maji ya ukwaju, mmoja wa kutoka Marafa aliyeleta maembe msimu wake ukifika. Kila mtu na jiwe lake la kukalia, na ole wako ukalie la mwenzio. Kila alasiri nikitoka kazini nilipita pale nikamsaidia mama kumenya mpaka magharibi.

Asubuhi moja Maalim akaniletea mpango wa bustani, umeandikwa kwa mkono wake, niupige kwenye stensili, ile karatasi ya nta itiwayo kwenye mashine ya kurudufu ikatoa nakala. Nakala hizo wangepewa wanakamati, na moja ingesomwa hadharani siku ya harambee. Nikaanza. Kifungu cha kwanza, kusawazisha ardhi. Cha pili, kuvuta maji. Nikaenda vizuri, hata nikawa naimba kimoyomoyo, mpaka kifungu cha sita. Kiliandikwa hivi: "Kuwaondoa wachuuzi wote uwanjani na kujenga ukuta upande wa barabara."

Lo! Nikasoma tena, nikitumai mwandiko umenidanganya. Haukunidanganya.

"Maalim," nikasema, "hawa wachuuzi watakwenda wapi?"

"Kamati haikusema."

"Na wenyewe wameambiwa?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Mwanangu, asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye kamati hakukuwa na muuza viazi." Alimjua vyema mama yangu, kila Alhamisi alikuwa mteja wake. Akavaa miwani yake, akaenda kuswali adhuhuri, akaniacha na ile karatasi.

Jioni hiyo mama alirudi nyumbani na kadi ya harambee. Wenzake walikuwa wamemchagua awe mkusanyaji wa michango ya wanawake wa uwanjani, na alikuwa na furaha hata buibui hakulivua.

"Bustani ikishapambwa watu watazidi," akasema. "Itabidi ninunue karai la pili."

"Mama, mbona mnachanga pesa nyingi hivyo?"

"Nyingi? Wewe vipi? Tusimame mbele ya mgeni rasmi mikono mitupu, tuonekane watu gani?"

"Mngengoja kwanza mpango usomwe."

Mama akanikazia macho. Alikuwa na macho yale ya kujua kama umeonja sukari. "Kwani kwenye mpango kuna nini?"

Wallahi nilitaka kumwambia. Lakini nilimjua mama yangu. Ningemwambia, na kesho yake kabla ya saa nne wanawake kumi na wanne wangekuwa mlangoni pa ofisi, na Maalim asingehitaji kuuliza ni nani aliyetoa siri. Na mshahara wangu ndio uliokuwa ukimlipia mdogo wangu karo.

"Hakuna kitu, mama."

"Basi menya viazi, usinitie nuhusi."

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Stensili ilikuwa bado kwenye mashine, na mwisho wa kifungu cha sita, baada ya neno "barabara", palikuwa na nafasi ya mstari mzima. Nikaitazama ile nafasi mpaka jasho likanitoka. Kisha nikaanza kupiga, herufi moja moja, polepole, kana kwamba nikipiga polepole dhambi itapungua: "pamoja na vibanda."

Hapo nikakwama. Vibanda vingapi? Nikiacha bila idadi, mtu atauliza, na swali moja tu litafichua yote. Nikiandika kumi na vinne, mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara aliyejua bei ya kila mfuko wa saruji mjini, ataruka kitini. Kumi? Vingi. Saba? Bado ataruka. Nje nilisikia ufagio wa mfagiaji umeanza. Nikaandika vinne. "Pamoja na vibanda vinne vya wauza vyakula." Vinne ni vichache, nikajiambia, havitamshtua mtu, vikishajengwa vinne, wengine watabanana papo hapo. Nikaitoa stensili, nikarudufu nakala zote, nikagawa.

Siku zilizofuata sikula nikashiba. Kila mlango ulipofunguka nilijua ni mimi ninayetafutwa. Mwenyekiti alikuja na nakala yake mkononi, nikasimama kabla hajaniita. Kumbe alitaka kujua kwa nini jina lake halikupigwa kwa herufi kubwa. Hakuna aliyesoma. Watu saba wazima, wameshika hatamu za mji, na hakuna hata mmoja aliyesoma kurasa mbili! Na Maalim, ambaye angesoma, alikuwa akihangaika na mahema na viti.

Siku ya harambee niliketi nyuma ya meza kuu, na daftari langu. Uwanja ulijaa. Wanawake wa uwanjani walikuwa wamevaa leso sare, mama mbele yao. Maalim akasimama kwenye kipaza sauti, akausoma mpango kifungu kwa kifungu kwa ile sauti yake ya darasani. Alipofika cha sita akasoma, "Kuwaondoa wachuuzi wote uwanjani na kujenga ukuta upande wa barabara..."

Akavua miwani. Akaifuta. Akageuka kidogo tu, akanitazama. Mimi nikatazama daftari.

Kisha akarudi kwenye kipaza sauti na kumalizia, "pamoja na vibanda vinne vya wauza vyakula."

Kukazuka vigelegele. Mgeni rasmi akapiga makofi juu ya kichwa chake, akasema kwa sauti, hilo ndilo jambo, mwananchi mdogo asisahauliwe! Mwenyekiti naye akapiga makofi, angefanyaje? Mama akaja mbele na kadi yake, akicheza kidogo kwa mabega, mchango wa wanawake ukatangazwa, na alipopita mbele yangu akanikonyeza. Nilimwonea fahari, na papo hapo nikaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Jumatatu Maalim aliniita, akafunga mlango. Mezani aliweka karatasi mbili: ya mkono wake na ya mashine yangu.

"Sikuulizi ni nani," akasema. "Ofisi hii ina mpiga taipu mmoja."

Nikalia kama mtoto.

"Nyamaza. Mgeni rasmi amepiga makofi, nami siwezi kumwendea nikamwambia makofi yake ni ya makosa. Vitajengwa." Akaichana karatasi ya mkono wake vipande viwili, kisha vinne. "Lakini kumbuka, mwanangu, hiyo idadi ni yako. Kamati haikuitaja."

Nilimshukuru. Wakati ule sikufahamu alichoniambia.

Nilikuja kufahamu ukuta ulipoanza kupanda. Vibanda vikatokeza upande wa barabara, vinne, vya matofali, vyenye madirisha ya mbao, na wanawake kumi na wanne wakaanza kutazamana. Wa mihogo alisema waende wote ofisini wakaulize. Wote walisema ni maneno mema, na hakuna aliyekwenda. Kila mmoja alikuwa ameshajihesabu katika wale wanne na hakutaka kuonekana mkorofi. Mawe yao ya kukalia yakaanza kuwekwa mbali mbali. Mama yangu, aliyekuwa hamnyenyekei mtu, alipika sinia la mahamri akalipeleka nyumbani kwa mwenyekiti, kisha akapeleka jingine. Nilimwona akitoka nalo asubuhi, limefunikwa kwa kawa mpya ya ukindu, nikajifanya nafunga viatu.

Orodha ya waliopewa vibanda niliipiga mimi. Safari hii Maalim hakuniachia karatasi. Alisimama nyuma yangu akanisomea majina, na mimi nikapiga. La kwanza lilikuwa la shemeji yake mwenyekiti. La pili na la tatu ni wanaume wawili ambao nina hakika hawajamenya kiazi tangu kuzaliwa. La nne ni mwanamke wa mihogo, ambaye mkwewe alikuwa kwenye kamati. Nikangoja, mikono juu ya mashine.

"Mwisho," akasema.

"Maalim, hapa chini pana nafasi."

"Naiona. Ndiyo maana nimesimama."

Nikaitoa karatasi, nikampa.

Wiki ile ile askari wa mji walikuja uwanjani. Hawakumpiga mtu, sitadanganya. Waliwapa muda wa kukusanya vyombo. Mama aliinamisha karai akamwaga mafuta kwenye debe, akalibeba karai kichwani mpaka nyumbani. Yule wa mihogo, aliyepata kibanda, alitaka kumsaidia kubeba jiko. Mama akamwambia asante, nina mikono. Walikuwa wamekaa jirani miaka kumi na moja, na sikuwahi kuwasikia wakisalimiana tena.

Bustani ikafunguliwa, na ilikuwa nzuri. Lazima niseme haki. Watoto walipata bembea, wazee wakapata mabenchi, maji yakatoka. Kila siku nilipita nje ya ukuta wake nikienda kazini, na sikuingia.

Mama akahamishia biashara uani kwetu. Wateja walikuwa majirani na watoto wa chuo cha Kurani, basi. Alasiri moja nilikuwa nimekaa naye namenya, yeye anakoroga unga wa kuchovya, mara akaniuliza, "Hivi wewe si ndiye upigaye zile karatasi?"

"Ndiye mimi."

"Ni nani aliyesema vibanda vinne?"

Kisu kikanikata kidole. "Sijui, mama. Kamati."

"Hm." Akachovya kiazi, akakitumbukiza, mafuta yakalia. "Nimefikiri sana. Wangesema tu, ondokeni nyote, tungekuwa kumi na wanne. Tungekwenda kukaa kwenye ngazi ya ofisi na majiko yetu, na wangetuondoa vipi? Lakini tuliambiwa vinne. Kila mtu akakaa kimya akingoja chake. Hata mimi. Nimepeleka mahamri kwa watu nisiowapenda." Akageuza kiazi. "Huenda aliyesema alitaka mema. Lakini ukimjua, mwambie alitumaliza."

Damu ilikuwa imeingia kwenye maji ya viazi. Nikaufinya mkono ndani ya leso asiuone.

"Nitamwambia, mama," nikasema, nikachukua kiazi kingine.