Randa Iliyobaki Arusha

Mzee Mshamu, fundi wa milango hapa Pangani, ndiye aliyenifundisha useremala. Lakini aliposikia nataka kumwoa binti yake Mwanaidi, akageuka mtu mwingine. "Randa unayo, kazi huna," alisema. "Simwozi mwanangu kwa kijana wa kushinda barazani. Katafute kazi ya kueleweka, kisha rudi tuzungumze." Ninyi mliosema nimekimbia kodi ya Wadachi, hawa Wajerumani, sasa mnajua ukweli.

Siku ya kuondoka, mama alinipa kitu kilichozidi posho: jina la mtu. "Ukifika Korogwe, muulizie somo yangu Bi Tatu. Yeye atakusogeza mbele."

Korogwe. Bi Tatu alinishindilia bada, ugali wa muhogo, na samaki mpaka nikaomba radhi. Nilipomweleza shida yangu alicheka. "Huko Arusha wanajenga boma la mawe, mwanangu. Na mawe hayajitengenezei mlango!" Akanikabidhi kwa shemeji yake Saidi, aliyekuwa akipeleka nguo Moshi.

Njia ya Upare ni ndefu, na Saidi hanyamazi. Nilivimba miguu na masikio. Hata hivyo, tulipofika Moshi alinipa jina jingine: Mzee Kaaya, mteja wake wa nguo huko Meru.

Meru ni nchi ya migomba na maji. Kila shamba lina mfereji wake, na baridi ya asubuhi ilinifanya nijutie kanzu yangu nyepesi. Nilimkuta Mzee Kaaya akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mzee. Nimetoka kwa Saidi wa nguo."

"Marahaba. Huyo Saidi bado anapima kitambaa kwa mkono mfupi?"

Tukaelewana papo hapo. Mkewe alinipa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi, nami nikaongezewa bila kuomba. Mzee alikuwa akiwauzia ndizi wajenzi wa boma, kwa hiyo alimfahamu nyapara wa mafundi. "Mtu mkali sana yule," alinionya. "Wewe inama tu. Kila akisema, itika."

Arusha. Mimi na Mzee Kaaya tuliwapita Waarusha wakiswaga ng'ombe, na watu wengine wakibeba mawe kwa shida. Nyapara alisimama katikati ya vumbi, kofia nyekundu kichwani. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mtu wa wapi?"

"Mzigua wa Pangani, bwana."

Macho yakamng'aa. "Mzigua! Tangu lini Mzigua akapiga randa? Mimi najua anapiga domo tu!"

Nikainama. "Ndiyo, bwana."

"Na huo mfuko umebeba zana au umebeba uvivu wa babu yako?"

"Kweli, bwana."

Uso wake ukazimika. "Nenda zako," alisema, akanipa mgongo.

Kando ya mto Themi nilikaa, akilini nikamwona Mwanaidi akiolewa na mtu mwingine. Nililia, sioni aibu kusema. Mzee Kaaya alitikisa kichwa. "Umemjibu vizuri kabisa. Sijui hawa Wanyamwezi wakoje."

"Nani Mnyamwezi?"

"Nyapara. Hukujua?"

Nilijipiga kofi kwenye paji la uso. Mnyamwezi ni mtani wetu Wazigua tangu babu zao walipokuwa wapagazi wa misafara iliyopita kwetu! Mtani akikutukana anakukaribisha. Ukimnyenyekea, umemwambia hamjuani.

Nilirudi mbio, nikainyakua kofia yake mbele ya wafanyakazi wake wote. "We Mnyamwezi! Umezoea kubeba hata kofia imekuwa mzigo? Lete nikupunguzie!"

Wabeba mawe wakaacha kazi. Mzee Kaaya, aliyekuwa amenifuata, alifumba macho. Kisha nyapara akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe ni mtu! Nikasema huyu Mzigua gani, amenikana mchana kweupe!" Akanipeleka kwa fundi Mdachi, ambaye alinipa ubao niupige randa, akaupapasa, akatikisa kichwa kukubali. Nikapewa milango na madirisha.

Nilipoomba ruhusa nije kuoa, nyapara alichomoa randa yangu mfukoni. "Siku ile ulichukua kofia. Leo mimi nachukua hii. Utaipata ukirudi na mkeo." Mtani hadaiwi, nikaondoka bila randa.

Nimejifunza kwamba majina ya watu yanakufikisha mlangoni, lakini kuingia ni lazima ujue aliye ndani ni nani wako.

Pangani, jana. Mzee Mshamu alifungua mfuko wangu wa zana, akapekua, akakunja uso. "Randa iko wapi? Umeiuza?"

"Hapana, baba. Iko kazini."

Aliufunga mfuko. Kisha akaingia ndani, akatoka na randa yake mwenyewe, ile ya zamani. "Hii ni ya njiani, mpaka uifikie yako," alisema. "Mwanaidi! Anza kufunga mizigo."