Aliyesema Aliona

Wasomaji wangu wa Rumonge watakuwa wameshasikia: yule mpika sabuni ya mawese, aliyerudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania akafungua kibanda nyuma ya soko, amefariki. Nilipomuuliza jirani yake alikuwa anaumwa nini, alitazama kwanza pande zote mbili za njia, ndipo akajibu, "Iko malaria tu." Malaria inaua watu hapa kila msimu wa mvua, na sijawahi kuona mtu akichungulia njia kabla ya kuitaja.

Hatukuwa marafiki. Nilikuwa mteja wake, na nilimfahamu hasa siku moja. Miaka michache iliyopita mvuvi mmoja wa mtaa wao alivimba tumbo akafa, na kabla hajazikwa watu walikuwa wameshampata mchawi: mjane mzee, muuza samaki wadogo wa ndagala, aliyeishi peke yake. Mchana kweupe vijana sita walimpiga mawe mlangoni kwake mpaka akaacha kusogea. Mtaa mzima ulikuwa nje. Shefu wa mtaa alipoitisha mkutano mbele ya polisi, nilikwenda kuandika habari. Kila aliyeulizwa alidai kwamba siku ile alikuwa shambani, ziwani au msikitini. Ndipo mpika sabuni akasimama. "Mimi nilikuwa pale, mikono nyuma," alisema. "Niliona wote sita. Nikisema sikuona, ni kama na mimi nilirusha." Akawataja mmoja mmoja, akaketi, na waliokuwa karibu naye wakasogeza viti.

Wawili walifungwa, wakatoka upesi. Wanne hawakuguswa. Kibanda chake ndicho kilichoadhibiwa: wateja walipungua, na ikasemwa kwamba umbeya aliutoa kambini Tanzania. Nami, ninayeandika habari za haki kila juma, nilianza kununua sabuni kwingine. Nilijiambia kwamba ya kwake inakwaruza ngozi.

Uchaguzi ulipokaribia nilipita kwake, akaniita. Vijana walewale, sasa wamevaa fulana mpya, walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba kuuliza nani yuko upande gani.

"Unawajua hawa?" aliniuliza.

"Ni vijana wa siasa."

"Hapana, mwandishi. Siasa iliwakuta wamekwisha kujifunza. Kwa ule mama waliona kama mutaa wote unaweza kunyamaza. Mwenye kuwatuma leo hakuwafundisha kitu."

Maneno hayo sijaweza kuyatoa kichwani. Tunapenda kuamini kwamba ukatili wa siasa hushushwa kwetu na wakubwa, kutoka mbali, na sisi tunaupokea tu. Sasa ninashuku kwamba wakubwa hutazama kwanza tunachokubali majirani kufanyiana, kisha hutuma watu palepale tulipokwisha kuruhusu. Ninajishuku pia mimi mwenyewe, kwa sababu vijana wale walipobisha kwangu niliwajibu kwa heshima nyingi kuliko niliyowahi kumpa mjane yule.

Mazishini mmoja wa wale sita alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Huenda aliletwa na majuto. Huenda alikuja kuona nani analia. Sikumuuliza. Nilipokwenda kumpa pole mke wa marehemu, alinivuta kando, mbali na akina mama waliokuwa wameketi kwenye mkeka. "Andika kama alikuwa mugonjwa," alisema. "Mimi na watoto tutabakia hapa."

"Lakini alikuwa mgonjwa kweli?"

"Andika vile, baba. Murakoze," akanishukuru.

Basi nimeandika. Inawezekana ndivyo ilivyokuwa. Sina ushahidi wa jambo jingine, na simtuhumu mtu. Ila nimezunguka mtaa ule siku tatu nikitafuta mtu mmoja ambaye ningemwamini akiniambia lolote, na sikumpata. Mmoja tu aliyekuwepo ndiye tuliyemzika. Mtaa ukizoea kusema haukuona, hata siku unaposema kweli hakuna wa kuuamini, na nina hofu kwamba wanaotaka kutudhuru wanalijua hilo kuliko sisi.