Walipokuja Kupima Malezi Yetu

Watu huniambia nisamehe na kusahau. Uzee umenisahaulisha mengi, lakini mwenyekiti wa mafunzo ya malezi simsahau, na habari ya kumsamehe sitaki hata kuisikia.

Wakati huo tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Igamba. Nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara. Ukipiga chafya, jirani anakupa pole. Vijana wakaanza kunywa gongo. Wilaya ikaagiza wazazi tufundishwe namna ya kuwakinga watoto na ulevi, basi kila Jumamosi tulitoka shamba la kijiji na matope miguuni, tukaenda kukaa kwenye madawati ya shule kumsikiliza mwenyekiti.

Mafunzo yenyewe sikuyachukia. Tulifundishwa kumuuliza mtoto alikotoka bila kumrukia na fimbo, nami nikafanya hivyo kwa mwanangu wa darasa la saba. Akanieleza kweli: amekunywa, na gongo aliinunua uani kwa mwenyekiti, kwa mke wake.

Nikamfuata mwenyekiti faraghani, mtu mzima kwa mtu mzima, nikamwomba aache. Akanishukuru. Jumamosi iliyofuata akanisimamisha mbele ya wazazi wote. "Huyu mama mwanawe ni mlevi," akasema. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Kwa shauri lake mwalimu mkuu akamfukuza mwanangu shule, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia. Bila mtihani ule angebaki na jembe kama mimi. Nilikwenda nyumbani nikalia, halafu nikaacha kulia.

Ikaja habari kwamba wageni wa wilaya watafika kupima kama mafunzo yanasaidia. Mwenyekiti akatukusanya, akatukaririsha majibu. Tukiulizwa kama kuna mtoto anayekunywa, tuseme hakuna.

"Na wewe utapika kimpumu cha wageni," akaniambia. "Mkutanoni usifungue mdomo."

Msicheke. Kwetu kimpumu ni pombe ya ulezi ya watu wazima, na mgeni kuondoka bila kuwekewa chungu ni kumtukana, hata kama amekuja kwa ajili ya ulevi. Nikaitikia, "Nimesikia, mzee," kwa adabu zangu zote.

Siku ikafika. Mgeni mkubwa alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole. Akauliza nani mtoto wake anakunywa. Mikono yote ikabaki mapajani. Akauliza nani ameona faida ya mafunzo. Ikainuka yote, hata ya bibi mmoja aliyekuwa anasinzia. Mama wa watu akaridhika. Mimi nilimhurumia, maana ukitaka kujua kama mboga ina chumvi humuulizi aliyeipika.

Baada ya mkutano tukahamia uani kwa mwenyekiti. Nikaweka chungu, nikamimina maji ya moto, nikapanga mirija. Sasa, kwetu mgeni hanywi kabla mtu wa nyumba hiyo hajaonja, ili ajue hakuna sumu. Na mwenyekiti alikuwa ametangaza muda si mrefu kwamba yeye na mkewe hawagusi pombe ya aina yoyote.

"Basi mtoto wa nyumba aonje," nikasema taratibu.

Wazee wakaafiki. Mtoto mwenyewe alikuwa kijana wa kama miaka kumi na sita, aliyesoma darasa moja na mwanangu, rafiki yake, yule tuliyetajiwa kila Jumamosi kama mfano wa malezi bora. Baba yake angemkatalia vipi mbele za wageni? Kijana akainama juu ya chungu. Hata hakuonja. Alinusa tu, akacheka, maana alizoea utani nami.

"Mama, huu si uji tu? Kali ni ile ya nyuma."

Mgeni akauliza nyuma wapi. Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikamwambia, "Njoo, mama, nikuonyeshe."

Nyuma ya jiko debe lilikuwa mafigani, bomba limepitishwa kwenye maji, na gongo inadondoka chupani. Mwenyekiti alitufuata. Nilimkazia macho mpaka akayainamisha yake, na raha niliyoipata pale sikuipata hata siku ya harusi yangu.

Uenyekiti akavuliwa. Mwalimu mkuu, aliyeiogopa wilaya kuliko Mungu, akamrudisha mwanangu darasani, na kwa sheria ileile akamfukuza mtoto wa mwenyekiti.

Siku chache kabla ya mtihani mama wa yule kijana akaja kwangu na kuku kwapani. Akapiga magoti mlangoni, akaniomba nikamsemee mwanawe kwa mwalimu, maana mtoto hana kosa. Ni kweli, hakuwa na kosa. Na mwalimu angenisikiliza, kwa hofu aliyokuwa nayo. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza.

"Mwenzangu," nikamjibu, "samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Aliondoka akilia, kuku akamwacha. Nilimchinja siku ya mtihani. Mwanangu aliporudi nikamwekea paja, naye akaniuliza mbona rafiki yake hakuonekana chumba cha mtihani. Nikamwambia ale, nyama inapoa.