Vitufe vya Mhandisi Ghalib

Buthayna alikuwa mbunifu wa dashibodi, zile skrini za takwimu, katika kampuni moja ya maji mjini Amman. Yeye ndiye aliyevipamba vitufe vya kuchuja mitaa: ukibonyeza mtaa, skrini inakuonyesha maji yake tu, buluu yakifika, nyekundu yasipofika. Kazi nzuri, ila mkuu wake, Mhandisi Ghalib, hakuwahi kuuliza habari za maji. Aliuliza habari za pembe za vitufe.

Pembe hizo ziliitishiwa vikao. Kahawa ya iliki ikazunguka, huyu akataka ziviringwe, yule akasema kuviringa ni utoto. Likaja suala la mtaa upi utangulie. Alfabeti ni mambo ya shule, Mhandisi akasema. Kwenye karamu mkubwa hukaa mbele. Basi mtaa wa mkurugenzi ukawekwa juu kabisa, na mtaa wa mama yake Buthayna, kule milimani, ukawa wa mwisho.

Zamu ya maji ya mtaa huo ni Jumatatu. Jumatatu kadhaa zilikuwa zimepita matangi ya juu ya paa yakiwa makavu, mama wa watu akifulia maji ya kununua. Buthayna alitaka jambo moja tu: mkubwa wa wizara anayekuja kuizindua skrini auone wekundu ule.

“Mtaa uliochaguliwa ung’ae,” Mhandisi akaagiza. “Hiyo mingine ififie, isitupigie kelele mbele ya mgeni.”

“Ififie kiasi gani, Mhandisi?”

“Mpaka isionekane, binti yangu.”

Akafanya alivyoambiwa, vitufe vyeupe juu ya weupe. Nyumba njema si mlango, lakini nani amwambie Mhandisi?

Siku ya uzinduzi mgeni alinyoosha mkono kuusifu usafi wa skrini, kidole kikagusa patupu, chini kabisa, palipofichwa kitufe cha mtaa wa mwisho. Skrini nzima ikawa nyekundu. Buthayna alifurahi hata akaona haya.

Mgeni akatazama, akatazama tena. Akasema rangi hiyo inaumiza macho. Mhandisi akaahidi kuishughulikia siku hiyohiyo, watu wakapiga makofi, kunafa, kitamutamu cha jibini na shira, ikaletwa.

Jioni mama akapiga simu. “Mwanangu, hao wakubwa wameiona shida yetu?”

“Wameiona, mama.”

“Wakafanya nini?”

Buthayna aliitazama skrini. Mtaa wao sasa ulikuwa wa rangi ya waridi, laini kabisa.

“Wametupaka rangi.”

“Basi ukija, njoo na maji ya kuioshea.”