Fundi wa Alama Nyekundu

Jirani yangu hapa Manga alikuwa fundi wa ndege. Hapandi bodaboda kabla ya kupitisha kidole gumba kwenye kila nati, na akishakaza moja huichora mstari mwekundu, ili ikilegea ionekane. Jembe lake, mlango wake, hata baiskeli ya mchungaji zina mstari huo. Tulimcheka sana. Kwenye mazishi ya Mwalimu Nyanchama, aliyekufa ndege ilipoanguka, meneja wa kampuni ya ndege hiyo, alikokuwa akifanya kazi jirani yangu, alisema ajali ni mpango wa Mungu, nasi wajinga tukaitikia amina. Jirani akasimama, mikono nyuma. “Bwana meneja, usimsingizie Mungu. Ile nati ya mkiani niliandika mara tatu kwamba haishiki. Wewe ndiye uliyetia sahihi ndege iruke.”