Mama Sabuni na Mashine Inayojirekebisha

Saa moja kasorobo asubuhi, mlango wa chumba cha tiba ya viungo haujafunguka vizuri, na tayari mabishano yameanza.

"Nimeoga nyumbani, mwanangu. Nimejisugua mpaka visigino."

"Najua umeoga, bibi. Lete mguu."

Bibi mwenye mkongojo anacheka, anapandisha gauni hadi gotini na kutumbukiza mguu kwenye beseni la buluu. Mwanamke wa makamo mwenye sare ya kijani anachuchumaa, anausugua kwa sabuni, anausuuza, anaukausha. Kisha anapitisha kidole juu ya ngozi. Kinateleza. Anasugua upya.

Wagonjwa wanamwita Mama Sabuni. Kazi aliyoajiriwa ni kuendesha mashine ya kusisimua mishipa ya fahamu kwa umeme, ile inayoamsha misuli iliyolegea baada ya kiharusi. Umeme na beseni wapi na wapi?

"Kila mgeni ananiuliza hivyo," anasema, akimwaga maji. "Bila hili beseni, mashine ingeshaondoka zamani."

Aliingia kwenye jengo hili miaka kumi na tisa iliyopita akiwa mfagiaji. Alipiga deki korido kwa miaka sita huku akisoma, hadi akapata cheti cha msaidizi wa tiba ya viungo. Siku hizo mashine ilikuwa na kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Alikizungusha taratibu, akimuuliza mgonjwa anasikiaje. Kasheshe ni kwamba wagonjwa hawakusema kweli.

"Wanaume walikaza meno, wakasema ongeza tu, huku machozi yanawalenga. Wanawake nao walisema inatosha kabla hata sijawasha!"

Mashine mpya, iliyoletwa kwa majaribio, haimuulizi mtu. Vibandiko viwili hubandikwa juu ya msuli. Mashine hupeleka umeme kidogo, hupima msuli umeitikia vipi, kisha huongeza au hupunguza yenyewe. Kibandiko kisiposhika ngozi sawasawa, hukata umeme ili isimuunguze mtu.

Siku za mwanzo zilikuwa balaa. Kila asubuhi iliwaka, ikapanda, ikashuka, ikazima. Kufikia siku ya kumi, daftari lilionyesha imezima mara ishirini na tatu. Fundi wa mitambo aliifungua, akaifunga, akatikisa kichwa. Mkuu wa kitengo akakata shauri: isipotengemaa kufikia Ijumaa, irudi ilikotoka.

Habari hiyo ilimchoma zaidi fundi cherehani mmoja, ambaye kiharusi kilimwacha na wayo wa kulia unaoburutika. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, na mashine ya zamani ya hospitali ilikuwa imeshakufa.

"Nilimwambia, dada yangu, wakiichukua hiyo, na mimi nipakie humo humo kwenye boksi," anakumbuka fundi cherehani.

Mama Sabuni akaanza kujiuliza: mbona mchana haisumbui? Mchana ni zamu ya waliolazwa wodini. Asubuhi ni ya wanaotoka majumbani. Alhamisi, fundi cherehani alipoketi, mwanga wa dirishani ukaupiga mguu wake.

"Ulikuwa unang'aa, ningeweza kujitazama humo," anasema Mama Sabuni. "Nikamuuliza, umepaka nini?"

"Mafuta, bila shaka," anadakia fundi cherehani. "Sasa nije hospitali na mguu umepauka kama sina kwetu?"

Kumbe! Kila aliyetoka nyumbani alikuwa amejipaka mafuta ya kutosha, kwa heshima ya daktari. Vibandiko viliteleza, na mashine ikakata umeme kama ilivyofundishwa. "Ilikuwa nzima kuliko sisi sote," anasema Mama Sabuni.

Ijumaa mkuu wa kitengo alikuja na boksi. Alikuta wagonjwa wanane wamepanga foleni mbele ya beseni, na mashine haijazima hata mara moja. Alisimama pale kama mtu aliyekuja msibani akakuta harusi. Mashine ikabaki.

Mafuta nayo hayakuachwa. Mzee mmoja aliomba apake mguu usioumwa tu, ule mgonjwa ubaki mkavu. Akaambiwa watu watamcheka njiani. Sasa wanakuja na vichupa mikobani na kujipaka baada ya tiba, na ikifika saa tatu korido nzima inanukia.

Leo ni wiki ya tisa kwa fundi cherehani. Vibandiko vimewekwa, mashine imewashwa. Alipoanza, kioo cha mashine kilikuwa kikionyesha nguvu ya umeme ya thelathini na nane. Leo kinaanzia ishirini, kisha kinashuka. Kumi na sita. Kumi na moja.

"Umepaka!" Mama Sabuni anafoka.

"Haki ya Mungu sijapaka!"

Anabonyeza vibandiko. Vimeshika. Anapitisha kidole pembeni mwake. Hakitelezi. Tisa. Saba. Ndipo anapoutazama wayo wenyewe. Unainuka na kushuka bila kusuasua; msuli hauhitaji tena umeme mwingi.

"Subiri," anasema kwa sauti ndogo. "Nazima. Inua mwenyewe."

Kioo kinakuwa cheusi. Fundi cherehani anauma mdomo. Wayo unatikisika, unasita, kisha vidole vinapanda kuelekea dari na kubaki huko.

Bibi mwenye mkongojo ndiye anayepiga kigelegele cha kwanza. Mama Sabuni anaangua kilio na kucheka kwa pamoja, akimkumbatia mgonjwa wake kwa mikono inayonukia sabuni.

Ana mpango wa kuzunguka zahanati ndogo kuwafundisha wasaidizi wenzake, kwani amesikia mashine kama hii zitafika huko. Mkuu wa kitengo ameshamruhusu. Lakini anapoulizwa anatamani nini hasa, anamnyooshea kidole fundi cherehani, ambaye bado anainua wayo na kuushusha.

"Huyu asirudi tena hapa."

"Nitarudi," anajibu fundi cherehani, bila kuondoa macho kwenye mguu wake. "Mwezi ujao, nije kukupima sare mpya. Nitaishona kwa huu huu."