Nilimkosesha mwanafunzi kwa mbuna wa bluu na wa njano, mama yake akaja shuleni na ndoo

Wakuu, heshima kwenu. Haya sikusimuliwa, yamenikuta mwenyewe nikiwa na chaki mkononi, na sitaficha hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi ni mwalimu wa Biology. Nimezaliwa Matiri, kwenye kahawa na mahindi. Samaki niliyemjua utotoni ni usipa mkavu wa sokoni, basi.

Nikapangiwa shule ya kata huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nikaja na kiherehere chote cha ajira mpya.

Tulipofika classification, nikanunua mbuna, wale samaki wadogo wa kwenye mawe. Nikapanga mezani wa bluu na wa njano, nikawauliza Form Two: hapa kuna species ngapi?

Darasa zima likaandika mbili, maana niliwafundisha waanze na rangi.

Felista peke yake akaandika: "One species. Husband and wife."

Nilicheka wakuu. Nikamwekea X kubwa nyekundu, kisha nikasoma jibu lake kwa sauti, darasa likaangua kicheko. Hapo naona aibu mpaka leo.

Wiki hiyohiyo walikuwa wanachagua michepuo ya Form Three. Felista, ambaye tangu Form One alikuwa anataka unesi, akajiandikisha arts.

Nikamuuliza kulikoni.

"Sayansi siiwezi, mwalimu."

Kesho yake mama yake, muuza samaki, akafika na ndoo. Nikajiandaa kugombezwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Usidhani ni kitoweo. Nimekuletea mashahidi."

Akamtoa mbuna wa njano aliyevimba mashavu, akamfungua mdomo taratibu juu ya beseni la maji. Vikatoka visamaki vizima, vinaogelea! Kumbe huyu analelea watoto mdomoni.

"Huyu ndiye mama. Baba yao ni yule wa bluu. Dume la njano la hawa umeliona wapi, mwalimu?"

Nikabisha kidogo, si unajua wasomi. Tukawapasua wale niliowahifadhi maabara. Wa bluu wote madume. Wa njano wote majike, hakuna hata mmoja aliyenitetea.

Na ubaoni niliandika mwenyewe kwamba species moja ni wale wanaozaana, na watoto wao wakazaa. Felista aliitumia hiyo. Mimi niliangalia shati.

Jogoo na tetea kule nyumbani hawafanani manyoya, mbona sijawahi kuwaita ndege wawili tofauti?

Nikaingia darasani, nikamwomba Felista msamaha mbele ya walewale waliocheka. Nikampa maksi zake.

"Kwa hiyo sisi wote tumekosa?" wakauliza.

"Mmekosa pamoja na mwalimu wenu."

Wakacheka, safari hii walinicheka mimi, na nilistahili.

Felista akaomba fomu yake. Akakata arts, akaandika science, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nilifurahi kuliko siku ya mshahara wa kwanza.

Nilichojifunza: elimu ya chuo haimalizi ziwa. Siku hizi nikikuta jibu la ajabu, kabla ya kuweka X namuuliza mtoto, "Umejuaje?"

Walimu wa humu, semeni ukweli: ni mwanafunzi gani ulimkosesha, kumbe asiyejua ni wewe?